Kipimo cha Ukumbi: Athens, Parma na Awasi katika Uhakiki wa Tamthilia

1.0 Utangulizi

Kozi ya historia ya tamthilia katika vyuo vyetu aghalabu huanzia Athens na kuishia katika kasri za Italia na Ufaransa za karne ya 17. Mwanafunzi hupitishwa kwa Aeschylus na Sophocles, akafika kwa Seneca, akagusia michezo ya Kanisa la Zama za Kati, kisha akapokelewa na Shakespeare, Lope de Vega, Corneille, Molière na Racine. Safari hiyo husimuliwa kana kwamba ni mto mmoja wenye chemchemi moja, na kana kwamba kila kituo kilikuwa maandalizi ya kituo kilichofuata. Baada ya safari hiyo ndipo huulizwa swali ambalo limewashughulisha wahakiki wa Afrika kwa zaidi ya miaka 50: je, sisi tulikuwa na tamthilia?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limeulizwa kwa kipimo kisichofaa. Kipimo ambacho hudaiwa kuwa ni cha Wagiriki, kwa hakika ni cha kasri za Baroki: jukwaa lililotengwa kwa fremu, hadhira iliyoketi upande mmoja, matini yaliyokwisha kufungwa, na kanuni zilizotungwa na wahakiki wa Italia na kusimamiwa na Akademia ya Ufaransa. Kwa kipimo hicho Awasi haina tamthilia. Lakini kwa kipimo hicho hicho Athens yenyewe ingekuwa na mashaka. Ili kulithibitisha dai hili tutaipitia kwanza historia ya Ulaya, kisha tutaangalia jinsi kipimo hicho kilivyotufikia, na mwisho tutakijaribu kwa mifano miwili: uigizaji wa Mfalme Edipode katika tambarare ya Kano, na ngano ya Lwanda Magere ambayo ni mali ya tambarare hiyo hiyo.

2.0 Mto Usiokuwa Mmoja

Tanzia ya Kigiriki ya karne ya 5 K.K. ilikuwa sehemu ya sikukuu ya mungu Dionysus. Iliigizwa mchana, chini ya anga, mbele ya maelfu ya raia walioketi katika mteremko wa kilima na kuuzunguka uwanja wa ngoma. Waigizaji walivaa vinyago. Hawakuzidi watatu, Aristotle anatuambia kwamba Aeschylus ndiye aliyeongeza wa pili, na Sophocles wa tatu. Kundi la waimbaji, ambalo hapa tutaliita korasi, lilikuwa la watu 12 na baadaye 15, nao waliimba na kucheza. Gharama za mafunzo yao zilibebwa na raia tajiri aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Watunzi walishindanishwa, na mapokeo ya kale yanasema kwamba tamthilia za Sophocles ambamo Edipode alikuwamo zilipata nafasi ya pili. Yaani tamthilia ambayo Aristotle aliitaja tena na tena kuwa kielelezo, ilishindwa siku ile mbele ya watu wake.

Yafaa ieleweke kwamba Wagiriki hawakukosa jengo la jukwaa wala michoro. Aristotle anamtaja Sophocles kuwa ndiye aliyeanzisha uchoraji wa mandhari. Walichokosa ni ukuta wa dhahania baina ya mwigizaji na mtazamaji. Korasi ilisimama katikati ya pande hizo mbili, na ilikuwa ya pande zote mbili.

Roma ilirithi tanzia, lakini tanzia za Seneca za karne ya 1 B.K. zimewaacha wahakiki wakibishana hadi leo iwapo zilitungwa ziigizwe au zisomwe kwa sauti tu. Baada ya dola ya Roma ya magharibi kuanguka, Kanisa lilikuwa limekwisha kuwatazama waigizaji kwa jicho la shari, na mkondo ukakatika. Sanaa ya maigizo ilipozuka upya haikutoka Athens. Ilitoka madhabahuni. Katika kanuni za watawa zilizotungwa Winchester, Uingereza, katika miaka ya 970, tunakuta maelekezo ya maigizo mafupi ya asubuhi ya Pasaka: watawa watatu wanakwenda kaburini kama wale wanawake wa Injili, na mwingine, aliyeketi kando ya kaburi, anawauliza wamtafutaye. Hapa pana mavazi, majibizano, wahusika na tendo. Na hakuna Mgiriki hata mmoja.

Kutoka madhabahuni maigizo yalitoka hadi barabarani. Mjini York michezo ya Biblia, inayotajwa katika kumbukumbu tangu 1376, ilipitishwa mitaani juu ya magari ya kukokotwa, kituo baada ya kituo. Kila chama cha mafundi kilikuwa na sehemu yake: waunda meli walijenga safina ya Nuhu, waokaji mikate walitayarisha Karamu ya Mwisho, na watengenezaji misumari ndio waliomsulubisha Yesu. Mtazamaji alimjua yule anayepigilia misumari. Jana yake alinunua misumari kwake. Michezo hiyo haikufa kwa kuchokwa. Ilizimwa baada ya mageuzi ya dini, na mara ya mwisho iliigizwa 1569.

Ni katika karne hiyo hiyo ndipo Italia ilipojenga daraja la kurudi Ugiriki, na daraja hilo likawa la karatasi. Mnamo 1570 Lodovico Castelvetro alitoa ufafanuzi wake wa kitabu cha Aristotle juu ya ushairi, na humo akaisimika kanuni ya umoja wa aina tatu: wa tendo, wa wakati na wa mahali. Msomaji anayemrudia Aristotle mwenyewe atakuta kwamba anasisitiza umoja wa tendo. Kuhusu wakati anaeleza tu kwamba tanzia hujaribu kukaa katika mzunguko mmoja wa jua. Kuhusu mahali hasemi neno. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba kwa miaka kadhaa alifundisha umoja wa mahali kuwa ni sheria ya Aristotle, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Mnamo 1585, mjini Vicenza, ukumbi uliobuniwa na Andrea Palladio ulifunguliwa kwa kuigiza Edipode, na nyuma ya waigizaji palijengwa mitaa iliyopunguzwa ukubwa kwa ustadi hata ikaonekana kuishilia mbali. Edipode alikuwa ameingia ndani ya nyumba. Miongo mitatu baadaye, 1618, ukumbi wa kasri la ukoo wa Farnese ulijengwa Parma, ukiwa na fremu kubwa iliyozunguka jukwaa na nyuma yake nafasi ya kubadilishia mandhari. Ulizinduliwa 1628 kwa harusi ya mtawala. Ukumbi wa namna hiyo ulikuwa na kiti kimoja ambacho kutoka hapo picha ilionekana bila kasoro, nacho kilikuwa cha mkuu. Wengine wote waliona picha iliyopinda kidogo, kila mtu kwa kadiri ya umbali wake na cheo.

Nchini Ufaransa kanuni zilipata mwenye kuzisimamia. Tamthilia ya Corneille, Le Cid, ilipozua mzozo 1637, Akademia iliyokuwa imeundwa miaka miwili tu kabla, chini ya ulinzi wa Kardinali Richelieu, ilitakiwa kutoa hukumu. Tangu hapo uhakiki wa tamthilia ulikuwa na kiti katika serikali.

Hata hivyo, si Ulaya yote iliyoingia ndani. Ukumbi wa Globe uliojengwa London 1599 ulikuwa wazi juu, na makabwela walisimama wakilizunguka jukwaa kwa pande tatu. Hispania iliigizia katika nyua zilizozungukwa na nyumba. Hata Calderón, aliyekuwa mtunzi wa mfalme, aliendelea kutunga michezo ya Ekaristi iliyoigizwa juu ya magari katika viwanja vya Madrid. Kwa hiyo Baroki yenyewe ilikuwa na nyuso mbili: uso wa kasri na uso wa barabarani. Ni uso wa kwanza uliosafirishwa ng'ambo na kuitwa tamthilia.

3.0 Kipimo Kilivyotufikia

Uso huo wa kasri ulifika Afrika Mashariki kwa njia mbili: majengo na vitabu. Jengo maarufu kupita yote kwa upande wa Kenya ni Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho uliofunguliwa Nairobi 1952, mwaka uleule wa kutangazwa hali ya hatari. Jukwaa lake ni la fremu. Kumbi za shule na za miji, Kisumu ikiwemo, ziliifuata sura hiyo kwa kadiri ya uwezo: jukwaa lililoinuliwa mwisho wa chumba, pazia, na viti vilivyopangwa safu. Giza la upande wa watazamaji, ambalo wengi wetu hudhani ni la tangu kale, lilikuja baadaye sana, katika karne ya 19. Kumbi za Baroki ziliwashwa mishumaa pande zote mbili.

Kwa upande wa vitabu, tafsiri za Kiswahili zimeufuata mstari huo huo wa kozi. Julius Nyerere alimfasiri Shakespeare: Julius Caesar kwanza 1963, kisha toleo lililosahihishwa la Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, yote mawili 1969. S. S. Mushi alitoa Makbeth 1968 na Mfalme Edipode 1971. Molière alikwisha kuja mapema kwa mkono wa A. Morrison, katika Tabibu Asiyependa Utabibu na Mchuuzi Mwungwana. Thamani ya kazi hizi haina shaka. Nyerere alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba ushairi wa jukwaani usiokuwa na vina, wakati ambapo wengi waliamini ushairi bila vina si ushairi. Lakini tafsiri iliyochapwa hubeba maneno, na maneno si tamthilia yote. Mchezo wa Molière ambao Kiswahili unaitwa Mchuuzi Mwungwana uliigizwa mara ya kwanza 1670 mbele ya Mfalme Louis XIV ukiwa umejaa ngoma na muziki wa Lully. Msomaji wetu amepata mazungumzo ya mchuuzi. Ngoma imebaki Ufaransa. Kisha msomaji huyo huyo huambiwa kwamba kilichotofautisha tamthilia ya Ulaya na sanaa zetu ni kwamba zetu zimechanganyika na ngoma.

Dai hilo lilipata sauti ya kitaaluma katika kitabu cha Ruth Finnegan kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kilichotolewa 1970. Ni haki kueleza kwamba Finnegan hakukana moja kwa moja. Alitaja vipengele kadhaa, miongoni mwavyo uigaji, lugha, msuko, wahusika wanaoingiliana, mandhari maalumu, muziki na ngoma, akaona kwamba ni nadra vipengele hivyo kukutana pamoja barani Afrika, na kwa hiyo tamthilia si utanzu ulioenea wala kukomaa. Wahakiki wetu wengi walimjibu kwa kuorodhesha jando, mazishi, matambiko na utambaji, wakasema: tazama, vipengele vyote vimo. Jibu hilo lilikuwa la lazima kwa wakati wake. Udhaifu wake ni kwamba lilikubali orodha. Halikuuliza iwapo watawa wa Winchester au mafundi wa York wangefaulu mtihani huo, wala nani aliyeutunga.

Jibu lililo kali zaidi halikutolewa kwa maandishi bali kwa mbao na miti. Mnamo 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakiwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga jukwaa lao wenyewe chini ya anga na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Kibali kiliondolewa mwaka huo huo, na 1982 jukwaa likabomolewa. Serikali iliyoruhusu michezo mingi katika kumbi iliuona uwanja wazi kuwa hatari. Tukikumbuka York ya 1569, tutaona kwamba hofu hiyo ina historia ndefu kuliko ukoloni.

4.0 Edipode katika Tambarare ya Kano

Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi wangu waliigiza Mfalme Edipode mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ukumbini. Edipode alisimama katikati, na wazee wa Thebes, ambao ndio korasi ya tamthilia hiyo, tuliwapanga ubavuni safu mbili kama kwaya ya shule inayongoja mwamuzi. Waliimba vizuri. Hadhira ilinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, ikapiga makofi, tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika.

Mara ya pili ilikuwa Awasi, mji mdogo wa soko ulioko kando ya barabara itokayo Kisumu na Ahero kuelekea Kericho. Tuliigizia katika uwanja wazi, jioni ya siku ya soko. Watazamaji walikuwa wachuuzi waliokwisha kufunga bidhaa zao, wanafunzi, waendesha bodaboda na wazee wachache walioletewa viti. Hawakuketi upande mmoja. Walituzunguka, na kila waigizaji walipogeuka walikuta macho.

Mambo mawili yalitokea. La kwanza, katika pambano la Edipode na mwaguzi kipofu, mzee mmoja alinyanyuka akamsimamisha mwaguzi, akajisifu yeye na ukoo wake kwa maneno machache, akamtia sarafu mkononi, kisha akamruhusu aendelee. Aliyeujua ukumbi angedhani mchezo umeharibika. Mwigizaji wetu mwenyewe alinitazama akiomba msaada. Lakini kila aliyewahi kusikiliza nyatiti alitambua jambo hilo: ni pakruok, desturi ya msikilizaji kumkatiza msanii kwa majigambo na tuzo. Katika desturi hiyo kukatiza ni kushiriki. Mzee alikuwa ameamua kwamba mwaguzi anasema kweli, na alitaka ukweli huo ujulikane kuwa na mdhamini.

La pili lilitoka kwa mama mmoja mtu mzima. Edipode alipokwisha kumtishia Kreoni, na wazee wetu wakaanza kuimba katika safu zao mbili, aliuliza kwa sauti ya kusikika: "Wanangu, hao si wazee wa mji? Mfalme anapotea nao wanaimba tu?"

Swali hilo lilikuwa la kihakiki kuliko mengi niliyoyasikia katika semina. Aristotle anaagiza kwamba korasi ihesabiwe kuwa mmoja wa waigizaji na ishiriki katika tendo. Tulikuwa tumelifundisha agizo hilo na kulipuuza. Tuliporudi kwenye matini tukakuta kwamba wazee wa Thebes hawaimbi tu. Wao ndio wanaomsihi Edipode amwachilie Kreoni, na anamwachilia kwa ajili yao, huku akisema wazi kwamba si kwa kumhurumia Kreoni. Maisha ya mtu yanaokolewa na korasi mbele ya macho yetu. Wao pia ndio wanaosita kuamini maneno ya mwaguzi kwa kuwa hawajaona ushahidi, na kusita huko ni msimamo wa kisiasa: ni uaminifu wa raia kwa mtawala aliyewahi kuuokoa mji. Katika ukumbi mambo haya yalikuwa yametupita, kwa kuwa fremu ya jukwaa huweka shujaa katikati na kila kitu kingine kuwa pambo. Uwanja wa Awasi uliwarudisha wazee mahali pao, kati ya mfalme na umati, na mama yule akadai wafanye kazi ya wazee.

Ndipo ilipobainika kwamba kosa la uigizaji wetu wa kwanza halikuwa la waigizaji. Tulikuwa tumeigiza matini ya Athens kwa macho ya Parma.

5.0 Siri ya Shujaa

Kipimo cha ukumbi hakipotoshi uigizaji tu. Hupotosha pia usomaji wa ngano zetu. Awasi haiko mbali na mahali ambapo jiwe la Lwanda Magere huonyeshwa, upande wa mashariki wa Kano, kwenye mipaka ya kale ya Wajaluo na majirani zao wanaowaita Lang'o. Ngano inajulikana. Mwili wa Magere ulikuwa jiwe, na mikuki iliteleza juu yake. Maadui waliposhindwa walimpa binti yao awe mke. Siku moja aliugua, akamwambia mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili, naye alipochanja akaona damu. Binti akatoroka kwao na siri. Katika vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kwenye kivuli. Magere akaanguka, akawa mwamba. Husemekana kwamba watu walikuja kunolea silaha zao katika mwamba huo. Okoiti Omtatah aliitungia ngano hii tamthilia ya Kiingereza, Lwanda Magere, iliyotolewa 1991.

Wanafunzi wetu wanapoihakiki ngano hii hufanya walivyofundishwa: hutafuta kosa la shujaa lililomletea anguko, na hulikuta upesi, kwamba alimwamini mwanamke wa kigeni. Fundisho lipatikanalo ni duni, na linawatukana wanawake na majirani kwa pamoja. Lakini tatizo haliko katika ngano. Liko katika kumsoma Magere kana kwamba ni Edipode.

Edipode ana siri asiyoijua. Tamthilia yake yote ni uchunguzi ambao mchunguzi anajikuta kuwa ndiye mhalifu, na maumivu yake ni maumivu ya kujua. Magere ana siri anayoijua vyema, na anaitoa kwa hiari. Katika hili jamaa yake wa karibu hayuko Ugiriki bali pwani. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu 1913, Liyongo anaulizwa na mwanawe ni kitu gani kiwezacho kumuua. Anashuku kwamba kijana ametumwa, na bado anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Mwana anamchoma usingizini, na Liyongo anakwenda kufia kisimani akiwa amepiga goti, upinde mkononi, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Mashujaa hawa wawili, wa bara na wa pwani, hawaangushwi na ujinga. Wanaangushwa na jambo ambalo jamii yoyote haiwezi kuishi bila ya hilo: kuaminiana ndani ya nyumba. Mwili usiopenya mkuki hauna mlango, na mtu asiye na mlango hawezi kuwa mume wala baba. Magere anapoonyesha kivuli chake, na Liyongo anapotaja kitovu, wanaingia katika udugu wa kibinadamu, na gharama ya kuingia ni kifo. Kuliita tendo hilo kosa ni kutumia msamiati wa tamthilia nyingine. Tanzia ya Edipode inauliza: mtu aweza kujijua kwa kiasi gani? Tanzia ya Magere inauliza: mtu aweza kujulikana na wengine kwa kiasi gani, naye akaishi?

Tofauti ya pili iko mwishoni. Edipode anaondolewa mbele ya watu akiwa kipofu, na mji unabaki na funzo. Liyongo na Magere wanabaki pale pale na miili yao: mmoja akizuia maji ya mji, mwingine akinoa silaha za ukoo. Mwisho wa ngano hizi unahitaji umati. Lazima kuwe na watu wanaoogopa kisima na watu wanaokuja na mikuki kwenye mwamba. Tamthilia itakayomweka Magere katika fremu, peke yake chini ya taa, itakuwa imeikata nusu ya maana. Emmanuel Mbogo alilielewa jambo hili katika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), alipoichukua ngano ya Wasukuma wa kusini mwa ziwa letu na kuiacha ngoma ibebe sehemu ya tendo. Ebrahim Hussein naye alikuwa amelikabili mapema katika Kinjeketile (1969), ambamo neno la mtu mmoja linachukuliwa na umati hata linamshinda mwenyewe. Waandishi hawa hawakumkataa Mgiriki. Walimkuta nyuma ya Mfaransa.

6.0 Mpaka wa Mlinganisho

Baada ya kusema haya yote, hatuna budi kujihadhari na shauku ya kuvuka mpaka kwa upande wa pili. Kati ya wenyeji wa Kano pana tero buru, mila ya mazishi ya mwanamume mzima, ambapo wanaume hutoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wakakimbia hadi nje ya makazi kukifukuza kifo kwa vita vya kuiga, kisha wakarudi kwa nyimbo. Ni rahisi kuitazama na kutamka kwamba hii ndiyo tanzia yetu. Pana mavazi, pana adui asiyeonekana, pana korasi.

Lakini katika tero buru hakuna anayeigiza kuwa marehemu, na marehemu amekufa kweli. Anayekimbia na mkuki hakimbii kwa niaba ya mhusika. Anakimbia kwa niaba yake na ya ukoo wake. Msiba hauna hadhira. Athens nayo ilikuwa na maombolezo, sadaka na maandamano, na haikuyaita tanzia. Ilipiga hatua nyingine: ilimtwaa mtu wa ngano, ikamvika kinyago, ikampa maneno yaliyotungwa, ikawaketisha raia wampime. Anayeiita kila mila tamthilia anainyima mila heshima yake na tamthilia kazi yake.

Hata hivyo hatua hiyo si mali ya Ulaya. Watawa wa Winchester waliipiga bila Mgiriki. Na kila Ijumaa Kuu, Wakatoliki wa Kano wanapofuata Njia ya Msalaba barabarani, kijana wa jirani akiwa Pilato na mwingine akibeba msalaba huku akina mama wakilia machozi ya kweli, hatua hiyo inapigwa tena mbele yetu. Mfanano wake na York ni mkubwa kuliko wa ukumbi wowote. Mtafiti wa tamthilia anayelipita kundi hilo kwa gari ili awahi onyesho la ukumbini anapaswa kujiuliza ni nani aliyemfundisha kuona.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya tamthilia ya Ulaya, kutoka Ugiriki hadi Baroki, si ngazi moja ya kupanda. Ni historia ya kuingia na kutoka: kutoka madhabahuni hadi barabarani, kutoka kilimani hadi kasri. Kipimo tulichopewa kilitungwa wakati wa kuingia, na kwa ajili ya mwenye kiti cha katikati. Kukikataa kipimo hicho si kuikataa Ulaya. Ni kuisoma yote.

Kwa upande wa ufundishaji yafuata mambo matatu. Kwanza, kanuni za umoja zifundishwe kwa tarehe zake, 1570 na 1637, wala zisibandikwe kwa Aristotle. Pili, tafsiri kama Mfalme Edipode zitolewe darasani na kuigizwa nje, korasi ikiwa mwigizaji. Tatu, mwanafunzi anayemleta Magere au Liyongo katika semina asiulizwe kwanza kosa la shujaa liko wapi. Aulizwe watu walikuwa wamesimama wapi.

Yule mama wa Awasi hakungoja jibu langu, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na alikuwa na mzigo wa kubeba. Swali lake ndilo lililotufanya tuyasome matini upya. Tulipoigiza tena, wazee wa Thebes walitoka katika safu, wakamwendea Edipode, wakasimama kati yake na Kreoni.